Mkalimani Hana Ndugu

Chumba cha nyuma cha duka la Bukeyeneza, pale mtaani Mchesi, kilikuwa na heshima zote za ofisi ya kimataifa isipokuwa dirisha. Kulikuwa na meza, kiti, magunia ya sukari yaliyopangwa hadi darini kuzuia kelele za barabarani, na blanketi la kijivu la msaada lililopigiliwa misumari ukutani kwa kazi hiyohiyo. Humo ndimo Gabriella alimoingia kila siku baada ya chakula cha mchana, saa ambayo Amerika huamka na kukumbuka kwamba inaumwa.

Kazi yake ilikuwa kusema, kwa simu, maneno ya watu wengine. Daktari wa huko akisema "Nitakupima presha," Gabriella naye alisema "Nitakupima presha," kwa Kiswahili au kwa Kibembe, ingawa hakuwa na kipimo wala mkono wa kufikia ng'ambo. Mgonjwa akisema "Ninahara tangu juzi," Gabriella, mke wa mtu na mwimbaji wa kwaya, aliitangazia hospitali kwa Kiingereza safi kwamba anahara tangu juzi. Kanuni za kampuni ya ukalimani iliyomwajiri zilikuwa kali kama za bweni la wasichana: mkalimani hana jina, ana namba. Haongezi neno, hapunguzi neno. Hana maoni. Hana ndugu. Akigundua kwamba anamfahamu aliye upande wa pili, aombe kujiondoa na akate simu.

Zamani simu zilikuwa nyingi. Kisha kampuni ikaleta mashine ya kutafsiri, na wakalimani wakaandikiwa ujumbe wenye picha ya maua kwamba mashine hiyo imejifunza Kiswahili kutokana na sauti zao wenyewe, hivyo wajivunie. Wakubwa wa huko nao walikuwa wamelegeza masharti ya ukalimani. Pale mashine ilipoonekana inatosha, hospitali haikuona haja ya kulipia mtu. Wakalimani wa Kiswahili wakajivunia, wakaenda nyumbani. Mashine ilikuwa bado haijajua Kibembe. Kwa hiyo magonjwa ya Wabembe wote waliohamishiwa Amerika yakabaki mikononi mwa watu wawili, Gabriella na kijana mmoja wa Kampala aitwaye Delphin, na mwezi uliopita Delphin naye alikuwa amepewa maua yake.

"Leo batagonjwa?" aliuliza Bukeyeneza kutoka dukani. Alikuwa Mrundi mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Babembe ba Amerika banakula muzuri sana. Hawagonjwe. Njo shida yako."

"Watagonjwa tu, papa. Utapata pesa yako ya chumba."

"Mi siseme pesa. Mi nasema sukari. Ile gunia unategemea kichwa, iko ya mutu. Na rezo ya leo iko muzuri, simu haikatike, usipoteze bure."

Gabriella akainua kichwa kutoka kwenye sukari ya mtu, akavaa vipokea sauti. Mshahara wa kazi hiyo ndio uliokuwa ukinunua unga kwao Dzaleka, kambi ya wakimbizi, tangu mgao upunguzwe, pamoja na vidonge vya presha vya mama mkwe wake, ambavyo zahanati ilikuwa imeacha kuvitoa. Mume wake, Lwaboshi, alikuwa fundi cherehani, lakini kambi ikikosa chakula hakuna anayeshona suti.

* * *

Simu iliingia. Kwanza ilisikika ile mashine, kwa Kiswahili cha kusomea taarifa ya habari: "Karibu. Mimi ni msaidizi wako wa lugha. Tafadhali eleza hisia zako."

Kisha sauti ya mwanamke, kwa Kibembe: "Toa hii kitu. Mi sitaongea mambo ya mume wangu na kitu haina mama. Nilisema Kibembe. Nilisema mutu."

Gabriella aliijua sauti hiyo kabla haijamaliza. Iliimba sauti ya pili kando yake katika kwaya ya Dzaleka, hadi siku ilipopanda ndege. Ilikuwa ya Bénie, mke wa Dieudonné, na Dieudonné alikuwa mdogo wake Lwaboshi, tumbo moja.

Maneno ya kujiondoa alikuwa nayo mdomoni. Lakini Delphin hakuwepo tena. Angeondoka yeye, laini ingerudi kwa kitu kisicho na mama. Gabriella akakaa wima, akasema kama kanuni zinavyotaka: "Mimi ni mkalimani wa Kibembe. Yote yatakayosemwa nitayatafsiri." Upande wa pili Bénie akaacha kulalamika. Naye alikuwa amejua.

Daktari alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole na uchovu. Alieleza kwamba Dieudonné alianguka kiwandani, kule anakokata nyama. Mshipa ulipasuka kichwani kwa sababu ya presha. Akauliza kwa nini hakuwa anameza dawa.

"Walimukata bima," alisema Bénie. "Sasa kila mwezi lazima uandike mu telefone masaa unatumika. Yeye alikuwa anatumika muchana na usiku, hakupata saa ya kuandika. Bakasema hatumiki. Bakamukata. Dawa ikawa bei, akaiacha."

Gabriella akatafsiri: mgonjwa alinyimwa matibabu kwa kutothibitisha kwamba yuko kazini, kwa sababu alikuwa kazini. Daktari akasema anasikitika. Gabriella akasema, kwa Kibembe, kwamba anasikitika.

Daktari akaendelea, na Gabriella akamfuata nyuma kama kivuli, bila kuongeza wala kupunguza. "Mume wako hatarudi. Yeye hapumui, ni mashine njo inapumua. Sheria inakuuliza wewe, bibi yake. Unaruhusu tuizime?"

"Mi?" alisema Bénie. "Mi ni bibi tu. Bibi anaweza kuzima mume? Ule mutu iko na mama. Iko na mukubwa wake. Si wa kwangu kumumaliza."

"Tunaheshimu familia," daktari akajibu kupitia mdomo wa Gabriella. "Lakini kwa sheria neno ni lako. Tunaweza kungoja hadi kesho asubuhi yetu."

Ndipo Bénie akasema, polepole: "Yaya Gabriella. Mi najua ni wewe. Enda Dzaleka, uambie mama. Kwa simu siwezi. Habari kama hii hawaisemake mu simu, unajua. Enda na miguu yako."

Gabriella angeweza kuimeza sentensi hiyo. Wakalimani humeza mengi, matusi hasa. Angesema tu kwamba mke wa mgonjwa anaomba muda, na daktari angeshukuru. Lakini alikuwa amezoea kutii kanuni kiasi kwamba hakuikumbuka njia nyingine. Akafungua mdomo, akatafsiri kwa Kiingereza kilichonyooka: "Dada mkubwa Gabriella, najua ni wewe. Nenda Dzaleka ukamwambie mama."

"Samahani," alisema daktari. "Anaongea na nani?"

"Anaongea na mkalimani."

"Mkalimani anamfahamu mgonjwa?"

Swali hilo nalo lilikuwa limesemwa, kwa hiyo Gabriella akamtafsiria Bénie.

"Mwambie ndiyo!" alisema Bénie. "Mwambie ulinifunga kitambaa siku ya harusi yangu!"

"Ndiyo," Gabriella akamtafsiria daktari. "Ulinifunga kitambaa siku ya harusi yangu."

Daktari hakupata muda wa kujibu. Mashine nyingine ya kampuni, ambayo kazi yake ilikuwa kusikiliza simu zote na kutafuta makosa, ilikuwa imeshapata moja. Laini ikakatika. Kwenye kioo ukatokea ujumbe kwamba namba yake imefungwa kwa kuvunja kanuni ya undugu, pamoja na shukrani kwa mchango wake. Safari hii hapakuwa na maua.

Gabriella alivua vipokea sauti, akakunja waya wake vizuri.

"Umemaliza mbio," alisema Bukeyeneza alipotoka.

"Kazi imekwisha, papa."

"Ya leo?"

"Kazi."

Bukeyeneza akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Pole, mwanangu. Ni vibaya sana." Akafuta na mizani, kwa muda wa kutosha kuonyesha heshima. "Kuna mutu wa vitunguu aliulizaka kile chumba. Nimwambie aje kesho, ao utapenda kungojea kidogo?"

"Aje kesho."

"Zikomo, asante, mwanangu. Una roho nzuri." Na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akampimia sukari kidogo kwenye karatasi, akakataa kupokea pesa.

* * *

Jua lilikuwa linazama kabaza, pikipiki ya abiria, ilipomshusha Dzaleka. Hakwenda nyumbani. Kwao mke wa nyumba hampelekei mama mkwe habari ya mtoto wake. Atasemwa maisha yote kwamba aliileta mwenyewe. Habari ya namna hiyo hubebwa na wazee, kwa mwanga wa mchana, wakiwa wamevaa vizuri. Kwa hiyo alikwenda kwa mchungaji Jean-Paul, aliyekuwa nyuma ya kanisa akilisha sungura.

Mchungaji alisikiliza yote akiwa ameshika majani. "Hajakufa kabisa?" akauliza.

"Mashine inapumua."

"Hmm. Umeambia nani mwingine?"

"Daktari, pastor. Na Amerika yote."

"Bon. Leo usiseme. Mama yetu akule, alale. Kesho asubuhi tutakuja na bazee. Lwaboshi nitamwita mi mwenyewe." Akamtupia sungura majani. "Na kazi yako?"

"Imekwisha."

"Basi Mungu anajua," alisema mchungaji, kwa sauti ya mtu anayetumaini kwamba kuna mtu anajua.

Nyumbani walikula nsima, ugali wa huko, na majani ya maharagwe. Mama Louise, mama mkwe wake, aliketi mahali pake karibu na mlango, miguu imenyooka mbele. Alikuwa mwanamke mrefu ambaye hata akiwa chini alionekana amesimama.

"Dieudonné hakupiga simu dimanche nilipotoka kanisa," alisema. "Amerika inamuharibu adabu."

"Labda alikuwa kazini, mama," alisema Lwaboshi.

"Kazi, kazi. Huku bantu hawana kazi na banapiga simu. Gabriella, na wewe mbona unakula kama kuku mugonjwa?"

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Bazungu bamekulisha mu telefone?" Mama Louise akacheka mwenyewe. Gabriella akamletea kidonge na kikombe cha maji, kama kila jioni. "Hii dawa inaniweka kinywa chungu. Na Dieudonné anakunywaka hii hii. Presha yetu ni ya ukoo, kama pua."

"Meza, mama," alisema Gabriella.

Akameza. Baadaye mchungaji alikuja, akamwita Lwaboshi nje eti waone pazia la kanisa lililochanika. Lwaboshi aliporudi hakumtazama mtu. Aliketi kwenye cherehani yake, akaanza kukanyaga. Gurudumu lilizunguka, sindano ikapanda na kushuka. Hapakuwa na nguo chini ya sindano, wala uzi. Mama yake alimuuliza anashona nini saa hizo, akasema anaitia mafuta.

* * *

Asubuhi wazee watatu walionekana wakija njiani wamevaa makoti, na nyuma yao wanawake wa kwaya, wengine na mikeka, wengine na kuni. Mama Louise alikuwa akichagua maharagwe. Aliwatazama hadi walipofika.

"Leo si dimanche," alisema. "Mbona mumevaa makoti? Nani?"

"Mama, kwanza tukae," alisema Jean-Paul.

"Mi nimekaa. Nani?"

Wakamwambia. Jean-Paul alianza na zaburi, kama inavyotakiwa, lakini mama alikuwa anamtazama kwa namna iliyomfanya aruke mistari, akafika kwenye jina haraka. Wanawake wawili wa kwaya wakavuta pumzi ili waanze kulia.

"Ngojeni," alisema mama Louise. "Amekufa, ao hajakufa?"

Wazee wakatazamana. "Hajakufa, mama," alisema Jean-Paul. "Lakini…"

"Basi mbona munaleta mikeka? Iko na pumzi, na nyinyi munaleta kuni?"

Hapo mila ilikosa ukurasa. Palikuwa na nyimbo za aliyekufa na maombi ya anayeumwa, lakini kwa mtu ambaye mashine inampumulia hadi mama yake aseme neno, hakuna mzee aliyekuwa ameachiwa maagizo. Wanawake waliambiwa wangoje nje. Wakaketi kwenye kuni zao, wakiwa na kilio mdomoni kama watu walioambiwa wasiteme.

"Lwaboshi," alisema Jean-Paul, "wewe njo mukubwa. Bénie anangojea neno ya nyumba."

Lwaboshi alikuwa amesimama mlangoni na tepu ya kupimia shingoni. "Mi niseme mudogo wangu azimwe?" akasema. "Mi nashonaka tu, pastor. Muulize mutu mwingine."

Hakukuwa na mtu mwingine. Mama Louise akageuka.

"Gabriella. We ulisikia daktari na masikio yako. Sema maneno yake. Usiongeze."

Gabriella akayasema, kwa sauti ileile ya kazini, moja baada ya jingine: mshipa, presha, bima, mashine, sheria. Alipomaliza akafunga mdomo na kungoja, kama alivyozoea, mtu mwingine aseme.

"Na wewe unaona aje?" mama mkwe akauliza.

Gabriella alikuwa amekaa kwa muda mrefu bila kuulizwa swali hilo, na ilimbidi aende kutafuta ndani mahali jibu lilipowekwa.

"Mi naona ameshaenda, mama," akasema. "Naona banamushika tu mwili."

Mama Louise akachukua tena sinia la maharagwe. Alichagua mawe hadi yakaisha, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba muda unakwenda.

* * *

Mchana, asubuhi ilipofika Amerika, Bénie alipiga simu ya picha. Lwaboshi aliisimamisha simu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Picha haikuonyesha uso wa Dieudonné, ila ncha ya kitanda na mkono wa daktari. Nyuma yao kitu kilikuwa kinavuta hewa na kuitoa, kwa adabu, bila kuchoka.

Daktari alisema jambo kwa mashine ya kutafsiri. Mashine ikafikiri, kisha ikajibu kwamba lugha hiyo haipatikani kwa sasa.

"Daktari," alisema Gabriella kwa Kiingereza, akiinama juu ya ndoo. "Naweza kutafsiri."

"Ni wewe, mkalimani wa jana?"

"Ndiyo."

Daktari akashusha sauti. "Nasikitika sana. Kwa kanuni za hospitali, ndugu wa mgonjwa haruhusiwi kutafsiri. Kwa neno kama hili, hasa."

Jana Gabriella alikuwa amefukuzwa kwenye ukalimani kwa sababu ya undugu. Leo undugu huohuo ulimnyang'anya hata ukalimani wa bure. Alikaa chini. Lwaboshi akauliza daktari amesema nini, na yeye akasema, "Anasema pole."

Mama Louise akajivuta hadi kwenye ndoo, akaichukua simu kwa mikono miwili.

"Bénie. Niweke kwa sikio yake."

Picha ikawa giza. Kisha mama akaongea na mtoto wake kwa Kibembe, bila haraka, kama anayemtuma dukani. Alimtajia jina la baba yake na la babu yake, na la mto walimokuwa wanateka maji, kwao Fizi. Alimwambia hana deni naye. Alimwambia kwamba hatamlaumu kwa kutopiga simu. Wanawake wa nje walikuwa wamesogea ukutani, wakasikia, na hakuna aliyelia kwa sababu hakuna aliyeambiwa.

"Sasa munipe daktari," alisema.

Sauti ya daktari ikaja. Mama Louise alikuwa na Kiingereza kidogo, chote alikipata kwenye foleni ya chakula, pale ambapo mgawaji hufunga gunia la mwisho na kuwatangazia waliobaki. Akachagua neno alilolielewa kuliko mengine.

"Finish," akasema.

"Mama, hiyo ni ndiyo?" daktari akauliza, polepole, kwa sauti kubwa zaidi. "Unakubali?"

"Anauliza kama hiyo ni ndiyo," alisema Gabriella.

"Mwambie nimeshasema."

Kabla Gabriella hajaamua kama anaruhusiwa kumwambia, Bénie alisikika kwa Kiingereza chake cha kiwanda kilekile cha nyama, kile cha kuomba ruhusa ya chooni na cha kumwambia msimamizi kwamba kisu kimeisha makali. "Mama yake amesema ndiyo," akasema. "Sasa na mimi nasema ndiyo. Andika mimi."

Daktari akamwandika yeye. Akaeleza kwamba huenda ikachukua muda, na kwamba familia inaweza kubaki kwenye simu ikipenda. Bénie akailaza simu yake kitandani. Juu ya kioo pakaonekana dari nyeupe tu.

Walibaki, wazee wakiwa na makoti yao na Lwaboshi na tepu yake. Mama Louise aliishikilia simu mapajani. Ile pumzi ya mashine ilikuja ikaenda, ikaja ikaenda, viatu vikapita, mtu akasema neno dogo, na kitu kikabonyezwa. Kisha hapakusikika chochote. Walisubiri wasikie tena. Nje ukuni ulidondoka.

"Imezimwa," aliuliza Lwaboshi, "ao rezo imekatika?"

Mama Louise akamgeuzia Gabriella kioo cha simu. Dari ilikuwa bado ipo, na mkono wa Bénie ulipita mbele yake.

"Rezo iko," akasema Gabriella.